Kitabu cha babu yako kipo bure, ila kimeandikishwa kwa jina la Mjerumani

Mkuu, umesema marehemu babu yako alikuwa akikitaja kitabu cha Kiswahili cha enzi za Mjerumani, kinachoeleza mila za watu wa pwani: kuzaa, kuoa, ngoma, matanga. Umetafuta "mila za Waswahili", ukatafuta na jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari, ukaishia kwenye duka la mtandaoni linalotaka dola. Usilipe kwanza. Mimi nililipa.

Mwaka juzi niliagiza "toleo jipya" la kitabu cha kale kwa wauzaji ambao jina lao nawasitiri. Kikaja kimefungwa vizuri, jaladani picha ya jua likizama baharini. Kufungua ndani, ni skani ileile inayopatikana bure, tena imekatwa pembeni hadi herufi za mwisho wa mistari zimeliwa. Ukurasa mmoja una kidole cha aliyekuwa anaskani, kucha na yote. Ninacho mpaka leo, watoto wanakichekea.

Turudi kwako. Mtoro, mwalimu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu hicho. Lakini kilichapwa Göttingen mwaka 1903, na jina lililokaa jaladani ni la Carl Velten, aliyekusanya na kuhariri. Katalogi inafuata jalada. Ndiyo maana ukiandika Mtoro unaletewa tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ya mwaka 1981, ambayo ina hakimiliki yake. Andika hivi: Velten Desturi za Wasuaheli. Usirekebishe chochote, ni Wasuaheli, kwa u na e. Na uangalie sana, mwaka huohuo kilitoka kitabu pacha, Sitten und Gebräuche der Suaheli, mambo ni yaleyale lakini kwa Kijerumani. Mimi nilianza kupakua hicho, nikamaliza bando la usiku, kulipokucha nikakuta sina hata sentensi moja ninayoielewa.

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Tunatafuta kwa tahajia ya shuleni, wakati tahajia hiyo ilianza kusanifishwa na kamati ya lugha ya mwaka 1930. Kabla ya hapo kila mtu aliandika alivyosikia. Kamusi ya Krapf ya 1882 inasema Suahili, Wajerumani wanasema Suaheli. Jaribu zote. Ukikosa, acha jina la kitabu, tafuta jina la Mzungu aliyekikusanya: Velten, Steere, Büttner, Taylor, Madan. Inakera, najua. Waliosimulia ni bibi na babu zetu, lakini majina yao mara nyingi utayakuta kwenye utangulizi tu, kama yapo.

Kuna vilivyojificha zaidi ya hapo. Maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, mimi niliyahangaikia wiki nzima. Mwanzoni hayakutoka kama kitabu cha peke yake. Heinrich Brode aliyachapisha mwaka 1902 na 1903 ndani ya jarida la chuo cha lugha cha Berlin, Mitteilungen des Seminars für Orientalische Sprachen, sehemu ya Afrika. Kwa hiyo unapakua juzuu nzima ya jarida, kisha unapekua yaliyomo mpaka uone Kiswahili. Usikate tamaa ukikutana na kurasa nyingi za Kijerumani mwanzoni.

Kwa kuanzia nenda archive.org, maktaba ya bure ya mtandaoni. Ukiona kitufe cha kuazima, hicho kina hakimiliki, wanakukopesha kwa muda na lazima ufungue akaunti. Kilicho mali ya umma, yaani kisicho na hakimiliki tena, kina orodha ya kupakua, chukua PDF moja kwa moja. Kule Marekani hakimiliki ya vitabu vya zamani huisha miaka 95 baada ya kuchapwa, kwa hiyo kila Januari mosi vinafunguliwa vya mwaka mwingine. Chuja kwa miaka, usichuje kwa lugha: kitabu chenye lugha mbili mara nyingi kimeandikishwa kuwa cha Kiingereza au Kijerumani, ukichagua Kiswahili kinapotea.

Kwenye orodha hiyo ya kupakua, lile faili la maandishi matupu ni jepesi kwa simu, lakini mashine ndiyo imesoma, si mtu. Hadithi za Steere za mwaka 1870 (Swahili Tales) zimepangwa Kiswahili ukurasa mmoja, Kiingereza ukurasa unaoutazama. Kwenye faili la maandishi, punda wa dobi anakatwa katikati ya sentensi, unapita ukurasa mzima wa Kiingereza, ndipo unamkuta tena anaendelea na safari yake. Na vile vilivyochapwa kwa herufi za Kijerumani za kale, s ndefu husomwa f. Bora PDF, hata kama ni nzito.

Maktaba nyingine za mtandaoni, HathiTrust na Google Books, pia wanavyo, ila wao wanaangalia uko nchi gani. Kitabu kilekile jamaa yangu aliyeko Marekani anakifungua chote, mimi Tanga naambiwa tafuta neno tu. Si kwamba umekosea. Kichukue jina kamili, mwaka na mji wa uchapaji, urudi navyo archive.org, mara nyingi nakala ya maktaba nyingine ipo huko wazi.

Ukishakipakua, kabla hujafunga intaneti fungua ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Nimewahi kupata faili lililoishia katikati ya sura.

Na jambo moja hukulisema: babu alikisoma kwa herufi zipi? Kama ni za Kiarabu, basi si hicho cha Velten. Jaribu Büttner, Suaheli-Schriftstücke, 1892, nyaraka na barua za watu kwa hati ya Kiarabu, halafu urudi hapa utuambie.