Kopo la maziwa kwenye begi la hospitali

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama uweke kopo la maziwa kwenye begi la hospitali, maana mtoto ametanguliza matako, daktari ameshapanga operesheni, na wifi yako kakwambia aliyepasuliwa hatoki maziwa.

Maziwa yatatoka. Kondo la nyuma likishatoka mwili unaanza kazi yake, uwe umesukuma au umepasuliwa, na mtoto akinyonya ndivyo yanavyozidi. Kwa operesheni matiti huweza kuchelewa kujaa, lakini dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ipo tangu mwanzo, na kichanga wa siku moja kijiko cha chai kinamtosha kila anyonyapo. Mimi ningeuliza lingine: nani atakuwa kando ya kitanda chako saa ile ya kwanza?

Kaka yako unajua alivyozaliwa. Walinilaza usingizi kabisa. Nilipozinduka ilikuwa usiku, kidonda kinawaka, mtoto sinaye. Nilipoletewa, alikuwa ameshanyweshwa maji ya glukosi tangu mchana. Nikimweka titini anageuza uso, analala. Muuguzi akasema mbele ya wodi nzima, "Huyu mama hana maziwa." Neno hilo linanichoma hadi leo. Maziwa nilikuwa nayo! Mtoto ndiye sikupewa.

Shangazi yako mkubwa ndiye aliyekuja na chupa ya mtori, akamwaga yale maji dirishani, akampitisha mtoto chini ya kwapa langu, miguu ikielekea nyuma ili asiguse mshono. Hakubanduka pale. Asubuhi moja nikaamka kanga imelowa kifua kizima, nikacheka mpaka kidonda kikauma.

Ndiyo maana nasema kila siku, mzazi asiachwe peke yake. Operesheni haikaushi titi, kinacholikausha ni mama kutengwa na mwanawe. Ingawa hapo nazidisha. Wapo wanaopoteza damu nyingi, maziwa yakachelewa kweli, na wapo watoto wanaoshuka sukari, daktari hana budi kuwaongezea maziwa. Mtoto wa jirani yetu aliongezewa kwa kikombe, na bado akaja kunyonya miezi sita bila tone la maji. Basi si kila kikombe ni kibaya. Lakini kikombe alichoagiza daktari si sawa na kopo lililokaa tayari, linalongoja mtoto alie saa nane za usiku nawe umechoka.

Siku hizi wengi huchomwa sindano ya mgongoni, mama yuko macho. Waambie mapema unataka mtoto awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, hali ikiruhusu, anyonye ndani ya ile saa moja wanayoisema kliniki.

La kopo amueni wewe na mumeo. Ulimi unaniwasha, lakini nyumba ni yenu. Nauli ya basi nimeshaiweka pembeni. Muulize muuguzi kama wodi yao inaruhusu ndugu kukaa usiku, unijulishe kabla ya Jumapili. Kama hawaruhusu, nitafute pa kulala karibu na hospitali.

Mama yako