Shangazi, mtoto niliyemuasili ananiita "señora"

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu ni Watanzania, tunaishi Dallas, Marekani, huu mwaka wa kumi na mbili. Baada ya mimba nne kuharibika tumeasili binti wa miaka sita kutoka Colombia. Siku anaingia nyumbani niliandaa sherehe: watu kama arobaini, keki, mpiga picha, gauni jeupe. Mtoto hakunishika hata mkono. Alimng'ang'ania mume wangu, na mimi akaniita "señora", yaani "bibi" kwa Kihispania, kama vile mimi mhudumu wa hoteli. Kwenye begi lake kulikuwa na donge la sukari ya kahawia limeviringishwa gazeti, nikalitupa. Mama mkwe, tuliyemleta kutoka Lushoto anisaidie, akaliokota kwenye ndoo ya taka, akalichemsha, akampa mtoto anywe mbele ya wageni wangu. Kisha akawaambia wageni waende makwao! Usiku akatandika godoro chini chumbani kwa mtoto, akalala huko. Mume wangu hakusema neno. (Bogotá, huko Colombia, nilikaa nao siku tisa za mwanzo, ikabidi nirudi kazini hospitalini, mume akabaki wiki nne kumalizia mambo ya mahakama.) Tumempa jina Neema, lakini mama mkwe anang'ang'ania la zamani. Ruhusa yake ya kukaa ni miezi sita, bado minne. Nimwambie arudi kwao? Ni mimi, Mama Asiyetambuliwa.*

Marahaba, mwanangu. Mimba nne ni msiba mara nne. Pole sana. Pole hiyo naiweka hapa pembeni, hainyang'anywi, lakini barua yako ina mengine na mengi hayakupendelei.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nikayaona mabano. Mtu akiniandikia jambo ndani ya mabano, najua hilo ndilo lililomfanya ashike kalamu. Siku tisa! Mmekabidhiwa mtoto, hajamaliza kuzijua sura zenu, wewe umepanda ndege. Mume wako akabaki naye wiki nne, wawili peke yao kwenye nyumba ya kupanga, akimchana nywele, akibahatisha Kihispania cha kuulizia choo. Leo unalalamika kwamba kamng'ang'ania yeye. Ulitaka amng'ang'anie nani, mpiga picha?

Halafu hizo siku tisa zenyewe hukunisimulia hata moja. Mwanamke aliyemsubiri mtoto miaka yote hiyo, akikaa naye siku tisa, atakuchosha kwa hadithi: alikula hiki, alikataa kile, alicheka pale. Wewe kimya. Basi nakisia, na kama nimekosea nisute: mtoto alikukataa huko huko Bogotá, ukaogopa, na zamu ya hospitali ikakupa njia ya kutokea. Sikulaumu kwa kuogopa. Nakulaumu kwa kurudi nyumbani ukaandaa keki ya watu arobaini kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha lawama ukamtwisha kikongwe wa Lushoto.

Sasa tuje kwenye hiyo "señora" iliyokuchoma. Nilimpigia mtoto wa mdogo wangu, aliyewahi kuishi Bogotá. Alicheka mpaka simu ikakatika. Kule mtoto mwenye adabu akiitwa na mama yake mzazi huitika "sí, señora", ndiyo bibi. Mwanangu, hiyo ni "abee"! Ulikuzwa wapi wewe? Mama yako akikuita uani si uliitika "abee"? Mtoto wa miaka sita, katika nyumba ngeni, mbele ya watu arobaini asiowajua, kakupa adabu yote aliyofundishwa, wewe umeipokea kama tusi. Na huyo aliyemfundisha huenda ni mama mlezi. Nchini kwao kuna wanawake wanaolea watoto wa namna hii majumbani mwao chini ya idara ya ustawi wa familia. Huwaita *madres sustitutas*. Hukuandika kama binti alikuwa kwa mmoja wao, wala hukuandika alikuwa wapi kabla yenu. Swali hilo uliwahi kumuuliza mtu?

Na lile donge. Hapa nilitaka kuikunja barua yako nikalale. Lile ni *panela*, na *panela* ni sukari guru. Sukari guru hii hii yetu, maji ya muwa yaliyochemshwa yakaganda. Colombia wanaitengeneza kwa wingi sana. Wanaichemsha kwa maji, wanakamulia ndimu wakipenda, wengine wanatumbukiza kipande cha jibini ndani, na mtoto anakunywa asubuhi kabla ya shule. Kuna mtu alilifunga lile donge kwenye gazeti akalitia begini ili huko aendako binti asikose ladha ya kwao. Wewe ukaona taka. Mama mkwe wako, asiyejua Kihispania hata neno moja, alinyoosha mkono kwenye ndoo, akanusa, akajua. Nauona mkono ule. Akabandika sufuria, akapoza kwa kumimina kikombe hiki na kile, akampa. Hukuandika mtoto alifanya nini alipokunywa. Nadhani alimaliza, na nadhani aliomba tena. Angekitema ungeniandikia kwa wino mwekundu.

Kuwafukuza wageni, hapo mama mkwe alikosa lugha. Angekuita chemba kwanza. Lakini kwa lililo ndani yake, alikuwa sawa, na mumeo alinyamaza kwa sababu naye alijua ni sawa. Mtoto ametoka safarini, amebadilishiwa lugha, chakula, kitanda na harufu ya nyumba, wewe unamvisha gauni jeupe azungukwe na simu za watu. Hata mgeni wahenga walimpa siku mbili za kupumzika kabla ya kumshikisha jembe. Wako umemshikisha jembe mlangoni: tabasamu hapa, kumbatia huyu, kata keki. Na usiku ulitaka alale peke yake kwenye chumba ulichokipamba, katika nyumba asiyojua hata taa inawashiwa wapi. Bibi akatandika chini. Mimi ningetandika pia.

Niseme jambo kuhusu ndoa zenu za siku hizi, mnivumilie. Mama mkwe mnamkatia tiketi awe yaya. Akiosha vyombo ni "mama yetu kipenzi", picha zinarushwa. Siku akijua jambo ambalo nyie hamlijui, anakuwa adui wa ndoa, na mume akimuunga mkono anaitwa mtoto wa mama. Sisi tuliolewa tukakaa na wakwe chumba kwa chumba, tukanuniana, tukafichiana chumvi, lakini mtoto akishikwa degedege usiku hakuna aliyeuliza wa nani. Nyie kila kitu lazima kionekane. Harusi ionekane, mimba ionekane, na sasa hata siku ya kumpokea mtoto ina rangi maalumu ya nguo. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ninyi mmeongeza kazi ya tatu, kumpiga picha.

Basi. Turudi Dallas.

Jina. Sheria ya watoto ya Colombia ya 2006 inasema mtoto wa kuasiliwa huchukua majina ya ukoo ya wazazi wapya, lakini jina lake mwenyewe akishapita miaka mitatu halibadilishwi ovyo: mpaka akubali mwenyewe, au jaji aone sababu. Wako ana sita. Alikubali? Au "Neema" lilizaliwa kwenye keki? Kama halimo kwenye hukumu, mama mkwe ndiye anayemwita mtoto kwa jina lake la haki. Na ona, jina lake la zamani hukuliandika popote katika barua nzima.

Kazi. Uko hospitalini, basi fika ofisi ya utumishi uulizie likizo ya familia. Sheria ya Marekani ya 1993 inampa mwajiriwa aliyetimiza masharti hadi wiki 12 bila mshahara anapopokea mtoto wa kuasili, ndani ya mwaka wa kwanza tangu kukabidhiwa. Bila mshahara, ndiyo. Pesa ya keki, mpiga picha na gauni ingesukuma wiki ngapi?

Mama mkwe asiondoke. Bado miezi minne, na ukiniuliza mimi ni michache. Ila usimwachie mtoto ukajifungia chumbani kulia. Lala na wewe humo humo, godoro la pili, hata kama mtoto atageukia upande wa bibi. Atageukia huko usiku mwingi tu. Mumeo muombe radhi kwa zile wiki nne, kwa maneno, si kwa zawadi. Usimuulize kama yuko upande wako au wa mama yake. Jibu lake hutalipenda.

Donge halijaisha lote, naamini. Kesho amka kabla ya bibi. Maji vikombe vitatu, kipande cha sukari guru kama kidole gumba, moto mdogo, ndimu mwishoni. Mimina kikombe hiki na kile mpaka kipoe. Mtoto akitokea jikoni, mwite kwa jina alilokuja nalo. Akiitika "sí, señora", mpe chai yake.