Kwa nini watu wa Normandy hawakuhama

Mwanangu Rehema,

Barua yako na picha ya ile karatasi nimevipata. Unauliza: ikiwa ndege za Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao, ziliwadondoshea watu wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa iliyotekwa na Wajerumani, vipeperushi vya kuwataka wahame kabla ya mabomu ya Juni 1944, mbona wengi walibaki majumbani? Mwenzako darasani amewaita wabishi.

Isome tena hiyo karatasi. Inazungumza na wakazi wa "mji huu". Mji upi? Haukutajwa. Halafu kuna upepo. Karatasi ikiachiwa kutoka juu sana haina dereva. Wamarekani walikuwa wameshabuni hata kasha la vipeperushi linalofunguka likikaribia ardhi, ili visitawanyike ovyo. Hata hivyo vya mji wa Saint-Lô vilipeperushwa vikaangukia vijiji vya jirani, na mji ukapigwa usiku wa tarehe 6 Juni, wengi wakiwa hawajaviona.

Watu wa mji wa Caen walivipata, na bado walioondoka ni wachache. Hapo ndipo penye swali lako hasa.

Usidhani hawakuamini maneno yaliyotoka angani. Kwa miaka kadhaa ndege za Uingereza zilikuwa zikiwadondoshea kigazeti, Le Courrier de l'Air, wakikiokota na kupitishana kwa siri, ingawa kukutwa nacho na Wajerumani kulikuwa hatari. Lakini habari za vita vya mbali unaziamini ukiwa umeketi kwako. Karatasi hii ilitaka mtu aache mifugo, duka na wazee wake, na Mjerumani mwenye bunduki bado yuko mtaani.

Tena walikuwa wameshahama mara moja. Mwaka 1940 mamilioni ya Wafaransa walikimbia jeshi la Ujerumani. Ndege zikawashambulia barabarani, na wengine waliporudi walikuta nyumba zimeporwa. Aliyeumwa na nyoka, mama, akiona unyasi hushtuka.

Mimi lawama nawapa zaidi waliodondosha kuliko waliodondoshewa. Hawakusema uongo, hilo nakubali. Ila onyo lisilotaja mji wala mahali pa kukimbilia linamfaa zaidi mtoaji, maana kesho atasema, "Si niliwaambia?" Walitaka kuziba njia ili Wajerumani wasilete askari wa kuongezea nguvu ufukweni, ambako majeshi ya Washirika yalikuwa yakishuka, na miji iliyokaa kwenye njia panda ndiyo ikalipa. Raia wapatao 20,000 wa Normandy walikufa kiangazi kile, wengi wao kwa mabomu ya wale waliokuja kuwakomboa.

Huyo mwenzako mwulize kama angembeba bibi yake kwa miguu, apite mashambani akikwepa barabara kuu, kwa sababu ya karatasi isiyotaja hata mtaa wake. Maana ndivyo ilivyoagiza: kwa miguu, msiende kwa makundi, barabara kuu muziache.

Mama yako anakusalimu sana. Anasema upige simu Jumapili, si usiku wa manane kama juzi.

Ni mimi baba yako.