Nilikatwa tumbo nipungue, sasa naambiwa nina jini

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, naishi Tanga, nina mume na watoto wawili. Miaka minne iliyopita nilikwenda India kufanyiwa operesheni ya tumbo, ile ya baipasi. Nilikuwa na kilo 131 na kisukari. Nikapungua hadi 76, dawa za kisukari nikaachishwa. Vitamini nilizopewa zilipoisha sikununua nyingine, hakuna aliyeniambia niendelee. Tangu mwaka jana nikila, baada ya saa moja na nusu hivi natetemeka, jasho linanitoka, naropoka. Ramadhani iliyopita nilifuturu tende, kaimati na uji mtamu, nikaanguka mbele ya wakwe. Wifi anasema nimepandisha, anataka nipelekwe kwa mganga. Anayejua kuhusu operesheni ni mume wangu tu, wengine tuliwaambia nimepunguza kula. Siku hizi nyayo nazo zinakufa ganzi. Zahanati wamepima malaria na presha, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Sikuwaambia kuhusu operesheni, niliona aibu. Nimejiletea mwenyewe?

Marahaba mwanangu. Hukujiletea. Ulikuwa na kisukari ukatafuta tiba, na tiba ilifanya kazi. Na kwa unavyoeleza, mimi sioni jini hapo. Naona sukari inayoshuka.

Kwenye baipasi mfuko wa chakula hubakizwa kadogo kama yai, na chakula hurukishwa sehemu ya mwanzo ya utumbo. Tende, kaimati na uji mtamu havikupata pa kukaa. Viliteremka haraka kwenye utumbo mwembamba, sukari ikapanda ghafla, kongosho likamwaga insulini, ile homoni inayoshusha sukari, kupita kiasi, na baada ya muda sukari ikaporomoka. Kwa kawaida hutokea kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula. Ubongo ukikosa sukari mtu hutetemeka, huropoka, huanguka, na anayemtazama atadhani amelewa au amepandisha. Tena tatizo hili huwa linaanza mwaka mmoja au zaidi baada ya operesheni, ndiyo maana hukulihusisha. Upasuaji wenyewe ulianza Marekani mwaka 1966, lakini hali hii ilikuja kuzungumzwa sana baada ya madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic ya huko huko kuandika habari za wagonjwa wao mwaka 2005. Tabibu wa zahanati, ambaye hata hukumwambia, angejuaje?

Kama bado una kile kipima sukari cha zamani, kitoe, nunua vijiti vipya. Upime wakati ule ule unapotetemeka. Ukipima asubuhi kabla ya kula namba itakuwa nzuri na utaambiwa huna kitu. Ikisoma chini ya 3.0 kwa kipimo cha mmol/L, andika namba, saa na ulichokula, daftari hilo uende nalo hospitali. Hapo hapo koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe. Usizidishe, maana sukari nyingi itakupandisha na kukuangusha tena. Ukishatulia kula yai au karanga. Ukizimia, mtu asikutie chochote mdomoni, wakukimbize hospitali.

Kwenye sahani yako anza na samaki, mayai au maharage, wali uwe kidogo na uje mwisho. Soda, juisi na chai ya sukari achana navyo, na usinywe maji huku unakula. Hayo peke yake huwasaidia wengi, na yasipotosha daktari ana dawa za kujaribu. Ukiambiwa unywe glukosi ili upimwe kisukari, waeleze kwanza, kwani kinywaji kile kinaweza kukuangusha vibaya. Suala la kufunga Ramadhani ijayo liongee na daktari mapema, usingoje mwezi uandame.

Sasa hizo nyayo. Zinanitia hofu kuliko kutetemeka. Ili vitamini B12 ipokelewe mwilini inahitaji msaada wa tumbo, na chakula chako hakipiti tena huko. Ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu hujitokeza akiba ikiisha, na wewe uko mwaka wa nne. Vidonge vya kuongeza damu kwa kawaida huwa na madini chuma na foliki asidi. Foliki asidi inaweza kuifanya damu ionekane imepona huku neva, yaani mishipa ya fahamu kama ya hizo nyayo, zinaendelea kuharibika. Nenda wiki hii, mwanangu. Omba upimwe B12, akiba ya madini chuma, vitamini D, kalsiamu, na B1 na madini ya shaba panapowezekana. B12 ikiwa chini utachomwa sindano, lakini neva zikichelewa sana huenda zisirudi kama zamani. Ukiweza kufika Dar es Salaam, hospitali ya Mloganzila kuna huduma ya kupunguza uzito, watakuelewa haraka.

Aliyekuruhusu uondoke bila kukwambia kwamba vitamini ni za maisha na damu hupimwa kila mwaka alikukosea. Hilo linaniuma kwa ajili yako.

Wakwe unaweza kuwaficha, ni haki yako. Daktari usimfiche. Ukiingia tu sema: "Nilifanyiwa baipasi ya tumbo miaka minne iliyopita." Sema hivyo hata duka la dawa, kwa sababu dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kukutoboa vidonda pale ulipounganishwa. Na tumbo likikukata kwa maumivu makali na kutapika, usilale nalo nyumbani. Utumbo unaweza kunasa ndani hata miaka mingi baada ya baipasi.

Kwa mganga usiende. Kila wiki inayopotea huko, nyayo zako zinalipa.

Wifi ni dada wa mumeo, basi mumeo ndiye azungumze naye. Si lazima ataje operesheni. Aseme sukari yako huwa inashuka, na huo ni ukweli. Amwonyeshe kipima sukari kinapokaa na vile vijiko vitatu, kwani siku utakapotetemeka mumeo yuko kazini, wifi ndiye atakayekuwa karibu.