Kuambiwa "punguza mawazo" hakushushi presha

Kama umewahi kwenda hospitali kichwa kinagonga, shingo imekaza, usingizi huna, afu vipimo vikarudi safi, basi hii sentensi unaijua: "punguza mawazo". Mimi nimeambiwa na dokta, nimeambiwa na ndugu, nimeambiwa hadi na bosi ambaye nusu ya hayo mawazo yametoka kwake. Na kila nikiambiwa najiuliza, sasa nayapunguzaje wakati kodi inadaiwa, mkataba wa kazi unakaribia kuisha na hakuna anayesema kama utaongezwa, na nyumbani kuna watu wanaokula kupitia mimi? Yale yalikuwa mahesabu ya kweli kabisa, hata mtu mtulivu kiasi gani angeyapiga usiku kucha.

Kwaiyo leo nimeamua niandike nilichojifunza kwa kuishi nacho na kwa kusoma sana (mana nikiumwa huwa nasoma, hiyo ndo tabia yangu). Mimi si daktari. Ila kuna vitu natamani mtu angeniambia mapema badala ya kuniambia nitulie.

Kwanza elewa kwamba maumivu yako sio ya kujitungia. Ukikutana na hatari mwili unamwaga adrenalini, na muda mfupi baadaye inafuata homoni inaitwa kortisoli, moyo unaenda mbio, presha inapanda, sukari inaingizwa kwenye damu ili misuli ipate nguvu, na kazi ambazo sio za dharura kama kumeng'enya chakula zinasogezwa pembeni. Ni mfumo mzuri sana kama unakimbizwa na kitu, unakimbia, unafika salama, mwili unarudi kawaida. Sasa deni unalikimbiaje? Bosi anayekutumia meseji saa nne usiku unamkimbiaje? Mwili unabaki umewaka, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na hapo ndo uharibifu unapoanza. Mwaka 1993 wanasayansi wawili wa Marekani, Bruce McEwen na Eliot Stellar, waliandika kuhusu hili, kwamba kuna uchakavu unaojilimbikiza kwenye mwili wa mtu anayelazimika kujihami kila siku. Mishipa ya damu, moyo, sukari, kinga, mafuta ya tumboni, vyote vinalipia.

Na hii imepimwa jamani, sio maneno ya kufariji. Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti mwaka 1991, watu 394 waliojitolea walidondoshewa virusi vya mafua puani makusudi kabisa kisha wakatengwa na kuangaliwa. Waliokuwa na msongo mkubwa kabla ya hapo ndo waliopata maambukizi zaidi, na kadiri msongo ulivyokuwa mkubwa ndivyo uwezekano ulivyopanda. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na timu yake wakafanya kitu kingine ambacho mimi hakijanitoka kichwani: walichukua wanawake 13 waliokuwa wanauguza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na wengine 13 wa umri kama wao ambao hawauguzi mtu, wote wakatolewa kinyama kidogo cha ngozi mkononi, kidonda kilekile, saizi ileile. Wale wa kawaida kilipona kwa wastani wa siku 39 hivi. Wauguzaji, karibu siku 49. Yani kuuguza mtu kunachelewesha ngozi yako kuziba! Mwenye mzazi mgonjwa ndani anayesoma hapa nadhani ananielewa, na kama kakidonda kako hakaponi haraka usianze kujiona mzembe.

Sasa tuje kwenye sehemu watu hawapendi kuisema, ya kwamba huu mzigo haugawanywi sawa. Kuna imani kwamba wanaokufa kwa presha na moyo ni mabosi, eti wana majukumu mazito. Uingereza walianza kufuatilia watumishi wa serikali mwaka 1967, utafiti unaitwa Whitehall, wanaume zaidi ya 17,000, mtafiti mwenye jina kubwa hapo ni Michael Marmot. Hawa hawakuwa masikini wa kutupwa, wote wana kazi, wote wana mshahara, na nchi yao ina matibabu ya serikali. Ila wa ngazi ya chini kabisa walikuwa wanakufa karibu mara tatu ya wa ngazi ya juu. Na haikuwa wa chini kabisa dhidi ya wengine wote, hapana, ilikuwa kama ngazi, kila ukishuka hatari inaongezeka, hata yule wa pili kutoka juu alikuwa vibaya kuliko wa kwanza. Walipoangalia sigara, presha na mafuta kwenye damu vikaeleza sehemu tu ya tofauti. Utafiti wa pili, ulioanza 1985 na ukahusisha wanawake pia, ukaonyesha kwamba kukosa sauti juu ya kazi yako mwenyewe (nani anapanga, lini, kwa spidi gani) kunaendana na ugonjwa wa moyo.

Mimi niliposoma hapo nilikaa kimya muda mrefu kidogo. Mana kilichokuwa kinaniua haikuwa wingi wa kazi. Nimewahi kufanya kazi nyingi zaidi nikiwa na amani. Ilikuwa ile hali ya ratiba kubadilishwa usiku, kutoulizwa kitu, kuongeleshwa kama mtoto, na kujua nikilalamika kuna mtu mlangoni anasubiri nafasi yangu.

Afu kuna njia ya pili ambayo umasikini unaingia mwilini, hii wala haihitaji homoni. Ukiwa huna hela unalala pabaya, kwenye kelele au joto, unakula kinachopatikana, dawa za mwezi unazinywa nusu nusu ili zifike mbali, kliniki unaahirisha kwa sababu siku ya kliniki ni siku ya kukosa hela. Ukifika hospitali ugonjwa umeshakomaa afu unagombezwa kwa nini umechelewa. Hizo njia mbili zinapeana nguvu, ndo mana napata hasira nikisikia mtu aliyeshiba anatoa somo la "mindset".

Haya, sasa nini kilinisaidia. Sitaki kudanganya, dawa kubwa ilikuwa hali yenyewe kubadilika, nilipata kazi yenye ratiba inayoeleweka na kichwa kikapungua kugonga. Ila kabla ya hapo kuna vitu vilinishikilia.

Cha kwanza ni kupima badala ya kukisia. Presha haina kelele, unaweza kuwa nayo juu na usihisi chochote, na unaweza kuumwa kichwa kila siku na presha iko sawa. Pima siku tofauti tofauti, kaa umetulia dakika tano kwanza, miguu chini, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, usiongee, na usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Kipimo kimoja kikubwa siku uliyogombana na mtu hakitoshi kukupa jina la ugonjwa. Ila ikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara hapo muone dokta, na ukipewa dawa kunywa, usiseme "hii ni stresi tu itaisha". Presha iliyoletwa na mawazo inaharibu figo na ubongo vilevile kama nyingine.

Kingine, usikubali kila kitu kibebeshwe mawazo. Hapa nina mfano wa vidonda vya tumbo. Miaka mingi watu waliamini vinaletwa na mawazo, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha kwamba kuna bakteria anayehusika, Marshall alifikia hadi kumnywa huyo bakteria mwenyewe mwaka 1984, na mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Bakteria huyo anapimwa na anatibika kwa antibayotiki. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zikitumika sana. Sasa unganisha: mtu ana mawazo, kichwa kinauma, anameza vidonge vya maumivu kila siku, tumbo linatoboka, afu anaambiwa ni mawazo! Mawazo yamo kwenye hiyo hadithi ndio, lakini aliyetoboa ni kidonge. Kama unavimeza mfululizo nenda ukamwambie dokta idadi kamili, bila aibu.

Na kuna vitu vya kutojadiliana navyo kabisa. Kifua kinabana na maumivu yanapanda mkononi au tayani, jasho la baridi, pumzi inakata, au upande mmoja wa mwili unalegea, maneno yanakuwa mazito, uso unapinda, hiyo ni dharura, wahi hospitali saa hiyohiyo, usikae kubishana na mtu kama ni wasiwasi.

Upande wa kichwa, kilichonisaidia zaidi ni kuyatoa madeni kichwani nikayaandika kwenye karatasi, nani, kiasi gani, lini, afu kuwafuata wenyewe kabla hawajanifuata. Wengine walikuwa wakali ila wengi wakakubali kulipwa kidogo kidogo. Kiasi kilibaki kilekile lakini ile saa nane ya usiku ikawa fupi. Nilichagua pia vitu vidogo ambavyo hakuna wa kunipangia, kutembea jioni, muda wa kuzima simu. Vinaonekana vya kijinga, najua, ila kwa mtu ambaye siku nzima anaamuliwa ni vikubwa. Na nilimwambia mtu mmoja ukweli wote, sio nusu. Kama unafikia kuwaza afadhali usiwepo, huyo mtu awe wa leo, na awepo na dokta pia.

Pombe nitaipitia haraka: inakulaza afu inakuamsha usiku wa manane, na ikizidi inapandisha presha. Basi.

Kwa ndugu, marafiki na mabosi wanaopenda kutoa ile sentensi, mnaweza kufanya vingine. Uliza "nikushikie nini?" Kaa na mgonjwa wake jioni moja ili alale. Msindikize kliniki. Wewe bosi, toa ratiba ya wiki mapema na usiibadilishe usiku, sema wazi kama mkataba unaongezwa au la, hata kama jibu ni la, mana mtu akijua anaanza kujipanga. Na dokta wangu mpendwa, kabla hujaandika "stresi" kwenye faili, niulize kwanza nalala saa ngapi, nauguza nani, na hizi dawa ulizoniandikia nina uwezo wa kuzinunua au nitaenda kuchukua nusu.