Watoto wa Tanga walijifunza kusoma kwa tableti

Je, watoto wa Tanga walijifunza kweli kusoma kwa tableti, bila mwalimu? Ndiyo, ila si wote. Mradi wenyewe ni Global Learning XPRIZE, shindano la kutengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma: karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 hivi vya Tanga walikaa na tableti miezi 15. Walipoanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Walipomaliza, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Kati ya timu zilizotengeneza programu hizo, Kitkit School na onebillion ndizo zilizoshinda, Mei 2019.

Ila msichukulie kifaa peke yake kinatosha. Peru waligawa kompyuta shule za vijijini, na utafiti wa 2012 haukukuta maendeleo ya hesabu wala lugha. Mimi naamini kilichowabeba watoto wa Tanga ni masomo yaliyotungwa kwa Kiswahili chao, kuanzia herufi.