Njia nyeusi iliyosawazishwa: Jumamosi laini, Jumapili kioo

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Kwanza, kwa nini njia nyeusi ya skii (nyeusi ndiyo alama ya njia kali) uliyoishuka vizuri Jumamosi ilikutoa jasho Jumapili, na siku zote mbili ubao ulisema imesawazishwa kwa mashine. Pili, kama ununue skii pana zaidi. Tatu, kama mwezi wa tatu unaweza kumpeleka kijana wako wa miaka 12 kwenye njia hiyohiyo. Wenzetu hapo juu wamekujibu "ongeza mazoezi". Sikubaliani nao. Mimi niko Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, miaka mingi sasa, na misimu kadhaa nimekaa chumba cha nyuma cha duka la kukodisha skii nikinoa na kupaka nta, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona kwenye theluji na yale yaliyorudi mezani kwangu jioni.

Watu wakisoma kwamba njia imesawazishwa wanadhani wameahidiwa ulaini. Hapana. Wameahidiwa umbo tu: hakuna vilima wala mashimo. Mashine inapita usiku, ngoma yake yenye meno inasaga tabaka la juu, na nyuma yake kuna bamba linaloacha ile mistari midogo iliyonyooka ambayo sote tunaikimbilia asubuhi. Kwenye mteremko mkali mashine haiwezi kupanda kwa nguvu zake yenyewe, inafungwa kwa kebo ya chuma kwenye nanga iliyoko juu na kujivuta. (Ndiyo maana msithubutu kupanda mlimani usiku lifti zikishafungwa. Kebo ile ni ndefu, haionekani gizani, na inaweza kukaza na kuruka ghafla.)

Sasa mashine inasaga kile inachokikuta. Ikikuta theluji kavu, utapata unga uliokandamizwa, raha tupu. Ikikuta theluji iliyonyeshewa kisha ikaganda, itasaga barafu na kutoa punje za barafu. Na punje zikishasagwa hazikai hivyohivyo, zinaanza kushikana tena, kazi ya saa chache. Njia iliyopitiwa mapema usiku ina muda wa kukaza mpaka asubuhi. Iliyopitiwa alfajiri inakuwa legevu zaidi lifti zinapofunguliwa, lakini pia inavurugika haraka.

Turudi kwenye wikiendi yako. Umeandika mwenyewe kwamba Jumamosi jioni kulikuwa na manyunyu, na usiku baridi ikashuka mpaka nyuzi 12 chini ya sifuri. Sehemu kubwa ya jibu lako iko hapo. Maji yaliingia kati ya punje yakaganda humo, mashine ikapita juu yake, mistari ikatoka mizuri kabisa, ila ilikuwa mistari ya barafu. Huku kwetu mambo haya ni ya kawaida mno: dhoruba inatoka upande wa Atlantiki na mvua yake, nyuma yake inakuja baridi ya Kanada, na vyote viwili vinaweza kukukuta ndani ya siku moja.

Ongeza theluji ya mashine. Sunday River, mlima wa skii wa hapa Maine, inaitegemea sana, na kwa haki ya Mungu bila hiyo tusingekuwa na msimu wa maana. Ni maji na hewa iliyoshindiliwa, matone yanaganda yakiwa hewani, na ukiwa na hewa kavu unaweza kuanza kuitengeneza kwenye nyuzi kama 2 chini ya sifuri. Lakini matone hayo yanatua yakiwa vipunje vya mviringo. Hayana ile mikono sita ya theluji ya mbinguni, kwa hiyo yanajipanga kwa kubanana. Faida yake inavumilia mvua na inadumu mpaka majira ya kuchipua. Hasara yake, ikipitiwa na skii nyingi inang'aa.

Hapa ndipo natofautiana na wengi. Ugumu wenyewe si adui. Mnamkumbuka Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi akakulia Austria, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018? Njia za mashindano kama alizoshindana yeye mara nyingi zinatiwa maji makusudi ili zigande, wakati mwingine kwa bomba lenye matundu linalosukuma maji ndani kabisa ya theluji. Wanafanya hivyo ili mtu wa hamsini akute njia inayokaribia ile aliyoikuta wa kwanza. Theluji ngumu iliyo sawa juu mpaka chini unaweza kuiamini: ukishajua inashika kiasi gani, inashika kiasi hichohicho hatua mia mbele. Kinachoangusha watu ni mchanganyiko. Skii inashika, inashika, inafika kwenye bati la barafu inaachia, kisha inagonga rundo la theluji legevu inasimama ghafla wakati kiwiliwili chako bado kinakwenda.

Kwenye mteremko wa nyuzi 15 mchanganyiko huo utausamehe. Kwenye nyuzi 30 haukupi nafasi, maana skii ikiachia kidogo tu mwendo umeshapanda. Na kwa kuwa mmoja hapo juu alitutisha kwa kupima mteremko kwa asilimia badala ya nyuzi: nyuzi 45 ndizo asilimia 100, kwa hiyo nyuzi 30 ni kama asilimia 58. Harakiri, njia kali ya Mayrhofen kule Austria, ambayo nayo inasawazishwa kwa mashine ya kebo, wanaitangaza kwa asilimia 78, yaani nyuzi kama 38. Rangi nazo msiziabudu. Marekani kila mlima unajipangia alama zake kwa kulinganisha njia zake wenyewe, hivyo almasi nyeusi, yaani njia kali, ya kilima kidogo cha mtaani inaweza kuwa bluu, yaani ya kati, ukifika Sugarloaf, mlima mwingine wa hapa Maine.

Njia kali inaharibika kwa mpangilio, na ukiujua mpangilio huo umeshapata nusu ya kazi. Saa mbili asubuhi mistari iko mizima. Kila anayeshuka anaogopa mahali palepale, pale mteremko unapovunjika na kudidimia, basi anaweka skii ubavu na kukwangua. Wakishapita watu mia mbili hivi, mahali pale panabaki barafu tupu na yote iliyokwanguliwa iko chini yake kwa marundo, au imesukumwa pembeni. Ikifika saa tano, katikati ya njia pamekwisha. White Heat ya Sunday River ninavyoijua mimi ni hivyo: mara nyingi nusu yake inasawazishwa na nusu inaachiwa vilima, na ule upande uliosawazishwa ndio unaochakaa kwanza kwa sababu wote tunajazana huko.

Kwa hiyo ukiwa kwenye lifti ya viti, usikae na simu. Tazama chini. Nyeupe isiyong'aa inashika. Ya kijivu au yenye kumeta haishiki. Sikiliza wanaoshuka: theluji nzuri inatoa sauti ya chini, kama haipo, barafu inakwaruza mpaka juu ya lifti unaisikia. Ukifika juu, kabla ya kushuka, chomeka fimbo. Ikizama kidole kimoja, sawa. Ikidunda na kukurudishia mtetemo mkononi, badilisha njia au subiri jua, hakuna atakayekucheka.

Ukiamua kushuka, pita pembeni, kama mita mbili kutoka ukingo wa njia, ambako ile theluji iliyosukumwa imejikusanya. Angalia tu nguzo za mashine za theluji na miti, na usiende pembeni kama huwezi kusimama mahali unapotaka. Ukikutana na bati la barafu, usijaribu kufunga breki juu yake. Ziache skii zilale bapa, miguu itulie, zipite, na ugeukie kwenye nyeupe inayofuata. Uzito uwe kwenye skii ya nje ya kona, muundi wako ukandamize ulimi wa buti, na kila kona uimalize mpaka skii zikaribie kukata mlima, yaani kulala kwa upana wa mteremko. Mwendo unapunguzwa na umbo la kona. Woga unatufanya tuegemee mlima, na hapo ndipo ukingo wa skii unapopoteza uzito na kuchomoka.

Ukianguka kwenye ngumu, utateleza, na koti lako la kuzuia mvua litateleza vizuri kuliko skii. Usihangaike kusimama. Kama skii bado zimefungwa, zilete upande wa chini zikate mlima, halafu kandamiza kingo taratibu. Kama zimetoka, geuka ulale kifudifudi miguu ikiwa chini, sukuma kwa mikono na chimba kwa ncha za buti.

Mtego mmoja unanifanya nishuke polepole hata leo: sentimita tano za theluji mpya zilizoanguka juu ya barafu baada ya mashine kupita. Kwa macho ni siku ya picha. Mshuko wa kwanza mtamu. Wa pili skii zinakata mpaka chini na huoni zitakata wapi. Sugarloaf kuna nyongeza ya upepo. Kilele kiko mita 1,291 na sehemu ya juu haina miti, basi taarifa ikisema zimeanguka sentimita kumi, zile za mgongoni mwa mlima zinaweza kuwa zimeshahamia kwingine kabla hujafunga buti. Narrow Gauge, ile njia iliyobeba Kombe la Dunia mwaka 1971, iko chini zaidi na ina miti ubavuni, nami siku za upepo huanzia huko.

Skii pana: hapana, weka pesa yako. Upana ni wa theluji mpya yenye kina, ili usizame. Kwenye ngumu, skii nyembamba, ya milimita sabini na kitu chini ya buti, inahama kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine upesi na inakaa. Kabla hujanunua chochote fanya hivi: chukua mgongo wa ukucha wa kidole gumba, uukwangue kwa kuukatisha ukingo wa chuma, taratibu, sehemu kadhaa kutoka mbele mpaka nyuma. Ukingo mkali utaparua ukucha na kuacha unga mweupe. Usipoparua, hapo napo Jumapili yako ilipotelea. Nilikuwa napokea skii za watu waliolalamika kwamba hazishiki, ukingo umelala kabisa chini ya buti, mahali pa kazi yote, na mbele kuna kijino cha chuma kilichotokana na jiwe. Kijino kinaondolewa kwanza kwa jiwe la kunolea, kisha tupa inapita pembeni ikiwa kwenye kishikizo cha nyuzi 88. Si kazi ya siku nzima, na si ya bei ya skii mpya. Ukikodi, omba wakunolee mbele yako. Wakikataa nenda duka jingine.

Kuhusu kijana. Mwezi wa tatu unaweza kuwa mwezi bora kuliko yote, lakini unaendeshwa na saa. Usiku unaganda, mchana unayeyuka, na baada ya siku kadhaa za hivyo theluji inakuwa punje kubwa za mviringo. Saa mbili asubuhi ni ngumu na ina makorongo ya skii za jana kama mashine haikupita. Kuanzia saa nne, jua likipiga, zile sentimita mbili tatu za juu zinalegea, na njia kali inakuwa rafiki kwa muda wa saa moja au mbili hivi. Ikifika saa nane mchana ni uji mzito unaonasa skii, na huo ndio wakati wa magoti kuumia. Njia zinazoangalia mashariki zinalegea kwanza, za kaskazini zinachelewa au hazilegei kabisa. Siku yenye wingu na baridi, usisubiri, hazitalegea.

Mwache kwanza ashuke bluu mbili tatu saa tatu, umwone anavyomaliza kona. Kama anazimaliza pande zote mbili, saa nne na nusu mpeleke. Wewe kaa nyuma yake, juu kidogo na pembeni, umkinge na wanaokuja kwa kasi. Usisimame chini yake ukidhani utamdaka akiteleza, maana kwenye mteremko ule mtaondoka wote wawili. Na kama usiku wa kuamkia siku hiyo haukuganda, yaani kipimo kilibaki juu ya sifuri mpaka asubuhi, hiyo nyeusi iahirisheni. Itakuwa uji tangu mshuko wa kwanza.